Mpima miti ambaye gere yake nusura iangushe mkangazi wa soko

Manyunyu ya chiperoni, yale yanayotoka upande wa Msumbiji na kukaa juu ya Zomba kama mgeni asiyejua kuaga, yameanza tangu kunakucha. Edina Mpochera amepiga magoti kwenye shina la mkangazi katika soko la Nkhuti, kitenge kimefungwa juu ya suruali ya kazi, mkononi ana kisu kifupi. Anaparua gome kama mtu anayeparua magamba ya samaki. Yanaanguka magamba ya kijivu, yanafuata maganda mekundu, mwisho linatokea jeraha dogo jeupe lenye majimaji. Huo sasa ndio mti wenyewe.

Hapo anabandika kibao cha chuma kisichozidi kiganja, anakikaza kwa pini ndefu, kisha juu ya kibao anafunga kipima mwinamo. Anakitikisa kwa vidole viwili. Hakitikisiki. Hata hivyo haridhiki.

"Tiyamike!" anaita.

"Niko kwenye mandazi!" sauti inajibu kutoka upande wa meko.

"Mandazi hayakimbii. Njoo uning'inie."

Tiyamike Mbendera anakuja akitafuna, kofia ngumu ya njano kichwani. Anajifuta mafuta kwenye kitenge cha Edina, si kwenye chake, anakishika kile kibao na kukivuta kwa uzito wake wote, mguu mmoja kaukanyaga mzizi. Kibao hakisogei.

"Kimeshika," anasema. "Kimeshika kama wewe ulivyomshika yule mume, maskini hata kuchungulia nje hawezi."

"Afadhali mimi ninaye wa kumshika. Wako hata hajui njia ya nyumbani."

Wauza nyanya wanacheka. Hapa kila mtu anajua kwamba mama yake Edina na baba yake Tiyamike ni tumbo moja, na mabinamu wa namna hiyo wana ruhusa ya kutukanana mpaka msibani. Asiyemtania binamu yake huulizwa kama wamegombana.

Lakini kule kuning'inia si utani. Edina, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, hafungi kipima mwinamo siku hizi bila kumwita mwenzake akivute. Na hafanyi hivyo kwa sababu ya kanuni. Anafanya kwa sababu ya mkangazi huu huu anaoupigia magoti asubuhi hii, ambao mwaka jana aliuandikia kifo ilhali ni mzima.

"Mti haukuwa na kosa," anasema, bila kuinua uso. "Ila ulisimama mahali ambapo gere yangu ilikuwa inapita."

Edina ni mpima miti wa Kituo cha Miti cha Chilema, ofisi ndogo yenye bati la kijani na gari moja linalowaka likipenda. Kazi yake ni kusema mti upi uliozeeka mjini unaweza kuendelea kusimama juu ya vichwa vya watu, na upi ukatwe kabla haujaanguka wenyewe. Mshahara wake wa mwezi ni kwacha laki moja na ishirini elfu. Anasema zinatosha mfuko mmoja wa mbolea na chenji ya sabuni.

Alianza kama mfagia majani. Nyundo ya mpira alipewa na fundi aliyestaafu, akafundishwa kuzunguka mti akiugonga na kusikiliza. Mti mzima hujibu kwa kifupi, kama mtu aliyeshiba. Uliooza ndani hujibu kwa mwangwi, kama mtungi mtupu.

Tiyamike alipofika kituoni, mdogo kwa miaka kumi na moja na hajui mkangazi wala mjakaranda, Edina ndiye aliyemshika mkono. Alimfundisha kugonga. Alimfundisha kuangalia udongo wa upande ule mti unakoegemea, kama umepasuka. Alimpikia nsima, ugali wa huku, na dagaa mwezi mzima, mpaka mshahara wa kwanza ulipotoka.

"Nilimfundisha kila kitu," Edina anasema. "Isipokuwa kunipita. Hilo alijifunza mwenyewe."

Kituo kilipoanza utafiti wa mikangazi yote mikubwa ya mji, ilipatikana nafasi moja ya mafunzo ya mashine ya sauti, ile ya kuzungushia mti misumari na kutoa picha ya rangi ya vilivyomo ndani. Walifanya mtihani. Akapita Tiyamike. Akaenda Lilongwe, akarudi na mashine ndani ya sanduku jeusi, na kichwani kofia ngumu ya njano iliyoandikwa jina lake kwa mbele.

Ni ile kofia. Si mshahara, ambao ulipanda kidogo tu. Si cheo cha kiongozi wa vipimo, ambacho hakina hata kiti. Edina alikuwa anavaa kofia nyeupe iliyopauka, ubavuni ina jina la mfanyakazi wa zamani lililofutwa kwa rangi ya kucha. Kila asubuhi akiiona ile ya njano imetundikwa msumarini, anasema, kifua kilikuwa kinambana kama amemeza nsima ya moto.

Halafu kituo kikatoa kalenda. Mwezi wa sita ulikuwa na picha ya Tiyamike akitabasamu na mashine yake. Nyuma yake, pembeni kabisa, palionekana bega na nusu ya nyundo.

"Bega lilikuwa langu," anasema Edina. "Niliikata ile kalenda nikafunikia mtungi wa thobwa, ile togwa yetu. Uso wa Tiyamike niliuelekeza ndani."

Mezani walikuwa wanacheka kama kawaida. Tiyamike akisema nyundo ya Edina ni ya kupondea karanga, Edina anajibu kwamba mashine ya Tiyamike ni redio isiyo na stesheni. Watu wanashika mbavu. Hakuna aliyejua kwamba mmoja wao alikuwa ameacha kutania zamani.

Utafiti ulikuwa na kanuni moja ambayo Daktari Mkinga, mkuu wa kituo, aliirudia kama sala: kila mti utavutwa mara mbili, na watu wawili tofauti, na asiwepo wa kumwambia mwenzake alichokipata.

Kuvuta mti si kuuangusha. Kamba hufungwa juu, karibu na matawi makubwa, ncha ya pili hushikizwa chini kwenye kisiki au mti mwingine, kisha winchi ya mkono huikaza taratibu. Mizani iliyo katikati ya kamba husema nguvu imefika wapi. Kipima mwinamo kwenye shina husema mti umeinama kiasi gani, mwinamo ambao jicho la mtu haliwezi kuuona. Mti ukiinama mno kwa nguvu ndogo, mizizi imechoka. Kamba ikilegezwa, mti wenye afya hurudi ulipokuwa.

Mkangazi wa Nkhuti ulivutwa kwanza na Tiyamike. Edina hakutakiwa kujua majibu. Aliyajua, kwa sababu Jofilisi, mkwea miti wao, hana mdomo wa kufunga.

"Mzima kama chuma," Jofilisi alimwambia wakikunja kamba. "Tiyamike kasema wapunguze tu lile tawi la juu ya duka la chumvi."

Edina anakumbuka kwamba pale pale alitamani mti ule uwe mgonjwa. Hakuufikiria mti. Alifikiria kikao, Tiyamike amesimama mbele ya Daktari, na ile kofia mkononi.

Siku yake ilipofika aliuzunguka akaugonga. Upande wa mashariki nyundo ikajibu kwa mwangwi, naye akatabasamu. Mkangazi humenya gome lake, na gome lililoachana na mti hupiga mwangwi hata kama ndani ni pazima. Hilo anayeanza kazi hulijua kabla ya kumaliza wiki. Edina mwenyewe ndiye aliyemfundisha Tiyamike.

Akakwangua kidogo tu, upande ule ule wa mwangwi. Akafunga kibao, akakaza pini. Jofilisi akazungusha winchi. Kipima mwinamo kikapanda, kikapanda tena, mpaka Jofilisi akasimamisha mkono.

"Mama, huu unakuja!"

"Legeza," Edina alisema. Moyo wake, anakiri, ulikuwa unacheza ngoma.

Namba zikaenda kituoni. Majibu mawili yalipogongana, Daktari Mkinga alifuata kanuni ya mahali penye watu wengi: penye shaka, watu kwanza. Mkangazi ukapakwa msalaba mwekundu. Mkutano wa soko ukaambiwa meza zote zilizo chini yake ziondoke kabla ya Jumamosi. Wanawake wanaouza hapo ni zaidi ya thelathini, na sehemu nyingine waliyoonyeshwa ni kando ya machinjio, jua la utosi, nzi wa bure.

Lakini kuna jambo lililotokea kabla ya namba kwenda kituoni. Jofilisi alikuwa amempa mgongo anakunja kamba. Edina alipolegeza pini ili akitoe kibao, kibao kilitoka chenyewe, na kipande cha gome kikubwa kama sinia kikaja nacho mkononi. Pini haikuwa imefika kwenye mti. Kilichokuwa kinainama wakati wote ule ni gome.

Alikitazama kile kipande. Akakisukuma kwa mguu mpaka mtaroni.

"Kufunga vibaya lilikuwa kosa, na kila mtu hukosea," anasema leo, sauti imeshuka. "Ule mguu ndio haukukosea. Ule mguu ulijua."

Kikao kilikuwa kama alivyokiota. Tiyamike alisimama mbele ya watu, akaulizwa ilikuwaje mti unaoinama hivyo aupitishe. Hakujitetea kwa maneno mengi. Alisema alipima anavyojua, na kama amekosea, basi ashukuriwe Mungu binamu yake ameona. Akakaa. Kofia aliiweka chini ya kiti.

Edina alirudi nyumbani akapika wali na kuku, siku ya kazi. Mume wake akauliza kuna sherehe gani. Edina akamsukumia sahani yake nzima.

Alhamisi alipita sokoni. Wanawake walikuwa wameanza kuzing'oa meza. Nachisale, mwenyekiti wao, mama wa makamo anayeuza dagaa wa ziwani, alimshika mkono, akampimia vikombe viwili, akakataa pesa.

"Chukua, mama, chukua. Ungekuwa wewe hupo, yule msichana wa mashine angetuzika hapa na watoto mgongoni. Sisi tunaondoka, ndiyo, huko kwenye nzi. Lakini tunaondoka wazima."

Edina anasema dagaa wale walikuwa wazito kuliko mfuko wa mahindi. Tiyamike naye alikuwepo, amesimama kando ya duka la chumvi, amekuja kuutazama ule mti alioshindwa kuujua. Hapo hapo maneno yakamtoka Edina.

"Mti ni mzima," alisema. "Pini niliifunga kwenye gome, nikajua, nikanyamaza. Nilimwonea gere Tiyamike."

Soko zima likapasuka kwa kicheko.

"Mabinamu hawa!" Nachisale alijishika kiuno. "Hata kwenye shida hawaachi!"

"Kwani amekuibia bwana, au?" mwingine akadakia.

Tiyamike naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa na hamu ya kucheka kwa siku nyingi. "Umechelewa, mbilikimo wewe! Gere yako ilianza siku bibi aliponibeba mgongoni!"

Edina akasema tena kwamba ni kweli. Wakacheka zaidi. Akaapa kwa kaburi la mama yake, na Tiyamike akamjibu kwamba shangazi hakutaka hata kuzikwa karibu na mtu mwenye miguu kama ile. Daktari Mkinga, aliyekuwa amefika na mwenye msumeno kuangalia mahali pa kuulaza mti, ni mtu wa kaskazini; alishaonywa siku ya kwanza kwamba mabinamu wakitaniana asiingilie. Akatabasamu, akatazama pembeni.

Hapo ndipo Edina alipoogopa kweli. Alikuwa ameutumia utani kama nyasi za kufichia wivu wake, na sasa ukweli nao ulikuwa umepotelea humo humo. Mwenye msumeno alikuwa tayari anaukagua mnyororo.

Akaweka dagaa chini. Akamwendea Tiyamike, akapiga magoti kwenye tope, akakunja viganja na kupiga makofi yale ya taratibu, ya kumsalimia mkwe au chifu.

Kicheko kikakatika kama uzi. Katika nchi hii mkubwa hampigii magoti mdogo, na binamu hampigii magoti binamu, hata akiwa mkubwa wa nchi. Akifanya hivyo ameuvunja utani, na mwenye kuuvunja utani hasemi jambo la kucheka.

"Inuka," Tiyamike alisema. "Edina, inuka, watu wanaangalia."

"Waangalie. Mti ni mzima. Namba zako zilikuwa sawa. Nilikuonea gere, kwa kofia."

"Kwa kofia?"

"Kwa kofia."

Tiyamike hakumwinua. Alipita kando yake, akaenda mpaka kwenye shina, akatia mkono kwenye ule upara ulioachwa na gome. Akaukwaruza kwa kucha. Kisha akamgeukia Daktari Mkinga na kusema kwa sauti kavu: "Leteni kamba."

Mti ulivutwa upya mchana ule, soko zima limesimama mbali kwenye mvua. Pini ilifungwa na Daktari mwenyewe, ndani ya mti. Winchi ilizunguka mpaka kamba ikawa inaimba, na kipima mwinamo hakikupanda hata nusu ya kile cha Edina. Kamba ilipolegezwa, mkangazi ukarudi mahali pake. Nachisale hakupiga vigelegele. Alikuja, akaokota dagaa wake, akaondoka nao.

Edina alitegemea kufukuzwa. Daktari Mkinga hakumfukuza. Alisema aliyejisema mwenyewe anaweza kufundishika. Lakini alimwambia neno ambalo anasema lilimuuma kuliko kufukuzwa: kwamba vipimo vyake vyote vya miaka miwili vinawekwa kando.

"Nilimwambia, Daktari, miti mingine yote niliipima kwa haki. Nilidanganya mmoja tu."

"Najua," Daktari alimjibu. "Sasa nionyeshe mimi nitajuaje ni upi."

Basi tangu mwaka jana Edina anaipima upya mikangazi yote, mmoja mmoja, ile ya barabara ya hospitali, ile ya shule, ile ya makaburini ambayo hakuna anayethubutu kuikata, na kila kipimo Tiyamike anasimama karibu. Mwezi wa kwanza walifanya kazi bila utani. Jofilisi anasema ilikuwa kama kufanya kazi na mabubu wawili, akatamani kuacha kazi. Siku moja Edina alijikwaa kwenye kamba akaanguka kifudifudi, na Tiyamike, kabla hajajizuia, akasema mizizi ya huyu mama imechoka, akatwe. Edina alilia palepale alipolala, na kulia kwenyewe kukageuka kicheko.

Je, gere imekwisha? Anafuta matope kwenye nyundo.

"Haijaisha. Juzi Tiyamike kaletewa buti mpya, nikaisikia inaamka. Sasa nikiisikia, najua leo ni siku ya kumwita aning'inie mara mbili."

Na leo ni zamu ya mkangazi wa Nkhuti, wa mwisho. Wauzaji wamerudi zamani chini ya kivuli chake. Msalaba mwekundu umefifia, ingawa mvua ikinyesha unaonekana vizuri. Jofilisi anakaza winchi. Edina anasoma, anatulia, anasoma tena, anampelekea Daktari namba zake bila kuzitamka. Nachisale, ambaye hajampimia dagaa wa bure tangu siku ile, anamtuma mjukuu wake na mandazi mawili kwenye gazeti. Edina anayapokea kwa mikono miwili.

Mwezi wa nane inatoka nafasi nyingine ya mafunzo ya mashine ya sauti. Edina ameomba. Maombi yanataka barua ya kiongozi wa vipimo, yaani Tiyamike, naye amekuwa akiizungusha wiki nzima ili aombwe vizuri.

"Nitaandika kwamba huyu ni mwizi wa kuku, na usiku anakoroma kama msumeno," anasema, amekaa juu ya mzizi, andazi moja la Edina mkononi, kofia yake ya njano magotini.

"Andika."

"Kwamba masikio yake ni mazuri ila roho yake ina kutu."

"Andika hilo nalo," anasema Edina. "Andika na gome. Andika na ule mguu."

Tiyamike anaacha kutafuna. "Wakisoma hayo hawatakuchukua, Edina."

"Wakinichukua bila kuyasoma, nitarudi na kofia ya njano, nawe utakuwa hujui pini yangu imefika wapi."

Tiyamike anaitoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki, anaigeuza kofia kuwa meza, anaanza kuandika polepole, huku kwa mkono mmoja akiukinga mstari wa kwanza usilowe. Edina anarudi kwenye shina, anapiga magoti, anaanza kukifungua kibao. Pini imeshika. Inabidi aizungushe kwa mikono miwili.